Barua kwa mwanangu: kila msemo wa mvua una kwao

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo sote, na barua yako imenifikia salama. Umeniuliza swali zito: ile misemo ya hewa niliyokulea nayo, ya duara la mwezi, ya Kilimia, ya ndege wa mvua, je, ni ujuzi au ni mazoea ya wazee tu? Unasema huko ulikohamia, kwenye majira manne, mingi imekuangusha, ilhali jirani yako ana wake wa wekundu wa jioni na mara nyingi kesho yake huwa kama alivyosema. Na sasa mjukuu wangu anataka afundishwe, nawe hujui umpe ya nani, ya kwangu au ya jirani.

Nitakujibu kwa urefu, maana jambo hili nalipenda na sitaki mtoto alipokee nusunusu.

Ninavyoliona mimi, msemo wa hewa ni kipimo kilichochukuliwa mahali. Aliyeutunga aliishi pahali pamoja miaka mingi, bahari iko upande huu, mlima upande ule, upepo unamjia kutoka kule. Akaona jambo fulani likitangulia jambo jingine, akalifunga kwa maneno machache ili watoto wasilisahau. Ukiubeba msemo huo ukaenda nao nchi nyingine, maneno yanafika lakini bahari na mlima vimebaki. Ndiyo maana sikubali watu wanaposema misemo hii ni upuuzi mtupu, wala sikubali wengine wanaposema wazee hawakukosea kamwe. Kabla ya kuuamini msemo au kuukataa, uliza ulizaliwa wapi.

Chukua huo wa jirani yako. Ni mkongwe sana. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 16, Yesu anawakumbusha Mafarisayo na Masadukayo kwamba wao wenyewe husema mbingu ikiwa nyekundu jioni kutakuwa na kianga, na ikiwa nyekundu asubuhi kutakuwa na dhoruba. Hakuwafundisha jambo jipya. Alitaja lililokuwa midomoni mwa kila mtu. Na sababu yake inaeleweka. Jua likiwa chini karibu na upeo, mwanga wake hupita njia ndefu hewani kabla ya kutufikia. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, nyekundu ndiyo inayobaki. Ili wekundu huo wa machweo ukufikie, lazima upande wa magharibi uwe mweupe, bila mawingu mazito ya kuuziba. Sasa, katika nchi zilizo kati ya latitudo 30 na 60, iwe kaskazini au kusini mwa ikweta, hali ya hewa kwa kawaida husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Magharibi kukiwa kweupe jioni, weupe huo ndio unaokuja kwako usiku. Asubuhi mambo hugeuka: jua linachomoza mashariki, kwenye anga safi ambalo limeshakupita, na mwanga wake mwekundu unayapiga mawingu yanayoingia kutoka magharibi.

Palestina iko ukingoni mwa ukanda huo, na jirani yako yumo ndani kabisa. Sisi wa karibu na ikweta hatumo. Huku upepo kwa sehemu kubwa ya mwaka una asili ya mashariki, na mvua nyingi za alasiri hujijenga papo hapo juu ya vichwa vyetu. Wekundu wa jioni kwetu ni uzuri wa kutazama, na zaidi ya hapo hauahidi kitu. Kwa hiyo mpe mjukuu wangu msemo wa jirani bila wasiwasi, kwa sababu anaishi kwenye nchi ya msemo huo.

Luka naye ana jambo la kufanana, sura ya 12: mkiona wingu likizuka magharibi mwasema mvua inakuja, na mkiona upepo wa kusini unavuma mwasema kutakuwa na joto. Ni kweli kabisa kwa mtu wa Palestina, maana bahari yake iko magharibi na jangwa liko kusini. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akiuchukua msemo huo jinsi ulivyo atapotea mara mbili. Bahari yake iko mashariki, na kusi ikishatulia humletea kipupwe, ile baridi ya Juni hadi Agosti.

Upinde wa mvua ndio ninaoupenda zaidi kwa kufundishia watoto, kwa sababu unaonyesha jambo hili waziwazi. Mabaharia wa Ulaya husema upinde wa asubuhi ni onyo na upinde wa jioni ni furaha. Upinde hutokea siku zote upande ulio kinyume na jua. Asubuhi jua likiwa mashariki, upinde uko magharibi, maana yake huko magharibi kunanyesha. Na kwao, cha magharibi ndicho kinachokuja. Jioni upinde uko mashariki, mvua imeshawapita. Uhamishe msemo huo uende kwenye nchi ambako upepo unatoka mashariki, nao unageuka kichwa chini miguu juu: upinde wa jioni ndio unaoonyesha mvua inayokufuata. Mfundishe mtoto asikariri upande wowote. Akiona upinde, ajue mvua iko pale ulipo upinde, kisha ainue uso ayatazame mawingu yanakwenda wapi. Akishajua hivyo, ana msemo utakaomfaa popote atakapoishi.

Sasa nije kwenye yangu. Duara la mwezi sidhani limekuangusha huko, na kama limekuangusha, endelea kulitazama. Duara hilo hutokana na fuwele za barafu zilizomo kwenye utando mwembamba wa mawingu ya juu sana, zaidi ya kilomita 6 kutoka ardhini. Fuwele hizo zina pande sita na huupinda mwanga kwa nyuzi kama 22, ndiyo maana duara huwa na ukubwa ule ule kila mara. Nyoosha mkono wako kuelekea mwezi, utanue vidole: kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni karibu sawa na umbali wa kutoka mwezini hadi kwenye duara. Katika nchi za majira manne, utando huo mara nyingi hutangulia mvua kubwa inayosukumwa na hewa ya joto inayopanda juu ya hewa ya baridi, na mvua yenyewe hufuata baada ya nusu siku hadi siku moja na nusu. Huku kwetu utando huo mara nyingi ni kilele cha wingu la radi lililonyesha mbali likaachia barafu yake ikitandazwa na upepo. Duara linakuambia tu kuwa huko juu kuna unyevu. Kwa hiyo msemo huo una nguvu zaidi kwako kuliko kwangu. Wengi huku tunaurithi na kuukariri, lakini kipimo chake ni cha nchi za mbali.

Hata vyombo vina kwao, mwanangu. Robert FitzRoy, nahodha wa ile meli ya Beagle iliyomchukua Charles Darwin, ndiye aliyewekwa mwaka 1854 kuiongoza idara mpya ya hali ya hewa ya Uingereza. Oktoba 1859 meli ya Royal Charter ilizama kwa dhoruba karibu na kisiwa cha Anglesey, wakafa watu zaidi ya 450. FitzRoy akaamua vifo vya namna hiyo vinaweza kupunguzwa: mwaka 1861 akaanza kutuma maonyo ya dhoruba bandarini, na Agosti mwaka huo utabiri wake wa kwanza kwa umma ukachapishwa gazetini London. Mtu huyu, aliyeanzisha utabiri wa kisayansi kama tunavyoujua, hakuidharau misemo ya wavuvi. Aliiweka ndani ya miongozo yake ya kutumia kipimahewa, chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa. Mmoja unasema, kwa maana yake, kwamba dalili za muda mrefu huleta hali ya muda mrefu, na dalili za ghafla hupita upesi. Kipimahewa kikishuka polepole, mfumo unaokuja ni mpana na utakaa. Kikishuka kwa kasi, utapita. Ni kweli kwao. Karibu na ikweta, kipimahewa hicho hicho hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa saa zake, kikifikia kilele mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na mvua kubwa inaweza kunyesha kisitikisike. Mtu angekitegemea huku kwa mvua za kawaida angehangaika bure.

Dalili za karibu, zile za saa chache au dakika chache, ni ngumu zaidi kukosea, kwa kuwa nyingi hazitabiri. Zinapima kilichokwisha kuwepo. Nywele zinazokataa kutulia, chumvi inayoloa, koni ya msonobari inayojifunga: zote zinapima unyevu wa hewa. Mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alitumia unywele wa binadamu kutengeneza chombo cha kupimia unyevu mwaka 1783, kwa sababu unywele hurefuka hewa ikiwa na maji. Magoti ya wazee yamebishaniwa sana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester uliotoka mwaka 2019 uliwafuatilia watu wenye maumivu ya kudumu kupitia simu zao, ukaona kwamba siku zenye unyevu, upepo na mgandamizo mdogo wa hewa maumivu huongezeka kidogo. Kidogo, lakini yapo. Basi mzee akisema goti linamwambia kitu, asichekwe.

Umande wa asubuhi husemwa kuwa ni dalili ya siku kavu, na sababu yake ni nzuri: umande hutua usiku usio na mawingu wala upepo, pale ardhi inapopoteza joto lake upesi. Mbayuwayu kuruka chini kabla ya mvua kuna maelezo yanayokubalika, maana hewa ya moto inapoacha kupanda, wadudu wanaoliwa na mbayuwayu hubaki chini na ndege hushuka kuwafuata. Nyenje hawatabiri lolote, ila ni kipimajoto kizuri. Amos Dolbear wa Marekani aliandika mwaka 1897 kwamba mlio wao huongeza kasi kadiri joto linavyopanda. Kwa nyenje wa miti wa Amerika Kaskazini, ukihesabu milio kwa sekunde 8 ukajumlisha 5, unapata halijoto ya Selsiasi kwa kukaribia. Mtoto atafurahi kuhesabu. Kumbikumbi hutoka baada ya mvua nzuri kuilowesha ardhi, wanathibitisha, hawatangulii. Dudumizi, ambaye wengi wa mashariki na kusini mwa Afrika humwita ndege wa mvua, ana msimu wa kuzaliana unaoandamana na mvua, kwa hiyo ukimsikia akilia sana unasikia majira yakibadilika. Ila usimwulize dudumizi kama kesho utahitaji mwavuli. Kuhusu ng'ombe waliolala, ambao husemwa kuwa dalili ya mvua, ng'ombe hulala kwa sababu nyingi, na hilo nakuachia.

Harufu ya mvua ni ya kweli tupu. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliichunguza harufu ile ya udongo mkavu unaopata maji, wakaonyesha kwamba inatokana na mafuta ya mimea yaliyojikusanya kwenye mawe na udongo wakati wa ukame. Pamoja na mafuta hayo kuna kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni ambacho pua ya binadamu hukitambua hata kikiwa kidogo kupita kiasi. Wingu la radi linaponyesha, hewa ya baridi hushuka kwa nguvu, hutandaa ardhini na kusukuma harufu hiyo mbele ya mvua. Ukiisikia, na ukahisi ule upepo wa baridi wa ghafla, anua nguo. Una dakika, huna saa.

Sasa misemo ya tarehe. Hapa moyo wangu ni mgumu. Waingereza husema mvua ikinyesha tarehe 15 Julai, siku ya Mtakatifu Swithin, itanyesha siku 40. Kumbukumbu zao tangu 1861 hazina hata mwaka mmoja ambao siku 40 mfululizo zilikuwa za mvua baada ya tarehe hiyo. Kilichomo ndani ya msemo ni chembe tu: katikati ya Julai mkondo wa upepo wa juu huelekea kutulia mahali, na hali iliyopo huwa na tabia ya kudumu. Kule Punxsutawney, Marekani, tangu 1887 humtazama mnyama mmoja wa mashimoni kila tarehe 2 Februari, kama ataona kivuli chake, ili kujua kama baridi itaendelea. Hafanyi vizuri kuliko kurusha sarafu. Tena tarehe zenyewe zimehamishwa. Mwaka 1752 Uingereza ilirekebisha kalenda, tarehe 2 Septemba ikafuatwa na tarehe 14, siku 11 zikafutwa. Msemo uliotungwa kabla ya hapo ukabaki na jina la siku ile, lakini jua halikuwa tena pale lilipokuwa.

Watu wa pwani yetu walilijua tatizo hili mapema. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwezi wake unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na Ramadhani huzunguka majira yote kwa miaka kama 33. Haiwezekani kusema mvua huanza mwezi fulani wa Hijria, kwa maana miaka michache baadaye si kweli. Basi kwa ibada walitumia mwezi, na kwa jembe na tanga wakahesabu mwaka mwingine, wa jua, wa siku 365, unaoanza Nairuzi na kuhesabiwa kwa makumi yaitwayo miongo. Nahodha alijua mwongo gani kaskazi huanza kuchoka na mwongo gani kusi huanza kuwa kali. Utabiri huo wa tarehe ulikuwa na msingi, kwa kuwa pepo hizo mbili husukumwa na bara la Asia na bahari kupokezana joto na baridi, jambo linalojirudia kila mwaka. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huchukua zamu katikati ya mwaka, na kati ya pepo hizo ndipo masika na vuli hupata nafasi. Tarehe iliyofungwa kwenye jambo kubwa namna hiyo naiheshimu. Tarehe iliyofungwa kwenye jina la mtakatifu au kivuli cha mnyama siiheshimu.

Hapo ndipo anapoingia Kilimia, na hapa nitakaa kidogo. Unaukumbuka msemo: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada kidogo cha nyota ambacho mwenye macho mazuri huhesabu sita. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei kinazama magharibi karibu na jua la jioni mpaka hakionekani tena, na katika Juni kinazuka mashariki kabla ya alfajiri. Hesiod, mshairi Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,600 iliyopita, alisema kinajificha siku 40. Pwani ya Afrika Mashariki siku hizo za kujificha zinaangukia masika; kikizama mvua ikiwa imepamba moto, kinazuka kusi ikiwa imekausha anga. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya msemo. Nusu ya kwanza mimi nauelewa kuwa onyo kwa mkulima: kama Kilimia kimezama na jua bado linawaka, masika yamechelewa, na bado unaweza kuyapata kikizuka. Msemo umetaja nyota, umetaja muda, umetaja hali mbili na matokeo mawili, kwa maneno kumi na matatu tu. Nani angeweza kuufupisha zaidi?

Lakini Hesiod, akikitazama Kilimia hicho hicho, aliwaambia wakulima wake wavune kikizuka na walime kikizama alfajiri, mnamo Novemba. Mvua za Ugiriki ni za miezi ya baridi. Na huko milima ya Andes, Peru na Bolivia, wakulima wa viazi hukitazama mwishoni mwa Juni, usiku wa kuamkia mapambazuko, wapime kinang'aa kiasi gani. Kikiwa hafifu, huahirisha kupanda. Mwaka 2000 Benjamin Orlove, John Chiang na Mark Cane walichapisha uchunguzi wao wa jambo hilo: katika miaka ya El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida, mawingu membamba ya juu sana, ambayo jicho haliyaoni, huongezeka juu ya Andes katika Juni na kufifisha nyota, na miaka hiyo hiyo mvua za kuanzia Oktoba huko huwa haba. Wakulima walikuwa wakiisoma Bahari ya Pasifiki kupitia nyota, vizazi na vizazi, kabla ya mtu yeyote kuipa El Niño maelezo ya kisayansi. Kila nikilifikiria jambo hili nashangaa upya.

Na usisahau kwamba El Niño hiyo inayowakausha wao mara nyingi hutuletea sisi vuli nzito. Uliza mtu mzima yeyote wa Afrika Mashariki kuhusu mvua za 1997. Mkulima wa kwetu akiiga desturi ya Andes, akaona nyota hafifu, akaacha kupanda, atakosa msimu mzuri kuliko yote. Nyota ni zile zile.

Umeniuliza pia kama simu haitoshi. Kwa mambo ya siku mbili, tatu, hata tano, iamini simu kuliko msemo wowote. Utabiri wa kompyuta umekuwa ukiongeza takriban siku moja ya uhakika kwa kila miaka kumi, kazi kubwa ya watu wengi na satelaiti nyingi. Hata hivyo una kikomo: Edward Lorenz, mtaalamu wa hewa wa Marekani, alionyesha tangu 1963 kwamba kosa dogo sana la mwanzo hukua mpaka likameza utabiri wote, na wataalamu huweka mpaka huo kwenye wiki kama mbili. Isitoshe, wingu moja la radi la alasiri, la upana wa kilomita chache, linaweza kuipita kompyuta bila kuonekana. Hapo ndipo jicho na pua vinapochukua zamu. Kule Bunyore, magharibi mwa Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi, wanaojulikana kwa kusoma miti, wadudu, ndege na upepo, walikaa meza moja na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kila upande ukaleta ulichoona juu ya msimu unaokuja, wakatoa utabiri mmoja wa pamoja kwa wakulima. Huo ndio mwendo ninaoutaka kwa mjukuu wangu. Asichague kati ya babu na satelaiti.

Mnunulie daftari. Kila jioni aandike dalili aliyoiona, na kesho yake aandike kama ilinyesha. Ila msimamie kwenye jambo moja ambalo watu wazima wengi hulikosa. Tuseme katika siku 30 ilinyesha siku 6. Mtu anayesema kila siku "kesho hainyeshi" atapatia mara 24, na hajui lolote. Kwa hiyo asihesabu tu mara ambazo msemo umepatia. Ahesabu ilinyesha mara ngapi dalili ilipokuwepo, na mara ngapi dalili ilipokosekana. Hesabu hizo mbili zikikaribiana, dalili hiyo haisemi kitu, hata ikiwa na maneno matamu namna gani. Zikiachana sana, amepata msemo wa huko anakoishi, na pengine atautunga mwenyewe kwa Kiswahili, maana jirani yako hana.

Kuna mmoja ambao hapaswi kuupokea kabisa. Utasikia watu wakisema radi haipigi mahali pamoja mara mbili. Ni uongo, na unaua. Jengo la Empire State, New York, hupigwa kwa wastani zaidi ya mara 20 kwa mwaka. Kilicho kirefu na kimesimama peke yake hupigwa tena na tena. Akiona mwako, ahesabu sekunde mpaka asikie ngurumo, agawanye kwa tatu, apate kilomita. Lakini hesabu hiyo ni ya kujifunza tu, aifanye akiwa ndani. Akisikia ngurumo, hata ya mbali, tayari yumo kwenye eneo la radi: aingie kwenye nyumba imara au gari lililofungwa lenye paa la chuma, aache mti, aache uwanja, aache maji, wala asitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hili mwambie leo, hata kabla hujampa daftari.

Nisalimie wakweo wote na mbusu mjukuu wangu.

Mama yako